Corolla la marehemu baba linaingiza maji, kutu imekula pembeni ya kioo cha mbele. Naomba msaada wa mafundi bodi

Mwalimu wa Chumbageni

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika kutoka Tanga. Nina Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini 5A, aliyoinunua marehemu baba mwaka 2003 alipostaafu. Mimi nimelirithi. Injini haijawahi kunisumbua, giaboksi nzuri, mafuta linakula kidogo. Tatizo langu ni maji.

Gari hulala nje chini ya mwembe, sina banda. Masika haya kila mvua ikinyesha usiku, asubuhi nakuta maji upande wa abiria wa mbele, miguuni. Si unyevu, ni maji kabisa, nikikanyaga kapeti yanatoka kama sponji ya kuoshea vyombo. Vioo vinajaa ukungu kwa ndani mpaka nifute na khanga ndipo nione barabara. Mkanda wa kiti cha abiria umeota madoadoa meusi. Wanafunzi wawili ninaowapa lifti kwenda shule wamesema gari linanuka kama kisima, na ni kweli.

Fundi wa kwanza alifunua kapeti, akakuta matundu mawili sakafuni, moja kama sarafu ya mia mbili, jingine dogo zaidi. Akayaziba kwa bodi fila, ule uji mzito wa kusawazishia bati, akapaka lami juu, nikalipa 120,000. Mvua iliyofuata maji yakazidi, maana sasa hayana hata pa kutokea. Fundi wa pili akasema maji yanapita kwenye kioo, akapaka silikoni nyeupe kuzunguka kioo chote cha mbele kwa nje. Nikatulia wiki tatu hivi, kisha yakarudi.

Wiki iliyopita nilikuwa nalifuta, nikaona rangi kwenye pembe ya chini ya kioo, upande wa kushoto, imevimba malengelenge. Nikabonyeza kwa kidole. Kidole kikaingia! Yakatoka maji ya kahawia na vipande vya kutu kama maganda. Sitasema uongo, nilikaa pale nikalia kidogo. Baba alikuwa analifuta gari hili kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, mpaka chini ya mlango anapitisha kitambaa.

Na juzi indiketa zimeanza kulia zenyewe ndani ya dashibodi, tik tik tik, hata nikiwa sijawasha.

Nauliza: maji yanaingilia wapi hasa? Linatengenezeka au nimechelewa? Na mimi ambaye sijui bodi nitamjuaje fundi anayefanya kazi sawasawa na anayenifunika tu macho? Nimeshaambiwa na wengi niliuze. Sitaki kuliuza.

Dogo wa Pongwe

Pole mwalimu. Njia rahisi, tobolea tundu lingine sakafuni pale maji yanapokusanyika, yatakuwa yanatoka yenyewe. Sisi kwenye Hiace ya mzee tulifanya hivyo na tukapaka oili chafu chini yote, mwaka wa tatu huu.

Fundi Bodi Ngamiani

Mwalimu, pole sana. Nami niko Tanga hapa hapa, kazi ya bodi naifanya mwaka wa 26 sasa, na AE100 zimepita mikononi mwangu nyingi kuliko gari jingine lolote. Nitakuandikia kwa kirefu kwa sababu mambo mawili uliyofanyiwa ndiyo yanayoua magari haya hapa mjini, na roho inaniuma kila ninapoyaona.

Dogo wa Pongwe, usichukie mdogo wangu. Tundu la kutolea maji linatoa maji, ila kutu linaiacha palepale ilipoanzia. Maji yatakuwa yanapita ndani ya gari kila siku mpaka yafike kwenye tundu lako, na njia nzima yanapopita bati linaliwa. Oili chafu nayo inashika vumbi, inakuwa tope, na inaharibu mipira ya chini ya gari.

Sasa mwalimu, jambo la kwanza nataka ulishike: maji hayaingilii pale unapoyakuta. Yanaingia juu, yanafuata bati kwa ndani, yanapita nyuma ya dashibodi au ndani ya nguzo ya kioo, yanashuka, yanakusanyika kwenye bonde la sakafu kwa sababu ndipo chini kabisa. Na matundu yako ya sakafu, kwa ninavyolielewa gari hili, hayakutobolewa na maji ya barabarani. Yalitobolewa na maji yaliyokaa juu, chini ya kapeti, pengine tangu mzee yuko hai. Lile godoro zito lililoshonwa chini ya kapeti likinywa maji halikauki kwa wiki nzima hata juu pakionekana pakavu. Yule fundi wa kwanza alikuzibia mlango wa kutokea, wa kuingilia akauacha wazi.

Kwa kuwa maji yako yako upande wa abiria, nina mashaka na sehemu mbili. Ya kwanza ni hiyo pembe iliyovimba. Ya pili watu wengi hawaijui. Fungua boneti, tazama chini ya waipa, kuna kama beseni refu la bati limefunikwa kwa plastiki nyeusi yenye matundu. Maji yote ya kwenye kioo yanaangukia humo na kutoka pembeni. Ndani ya beseni hilo kuna tundu linaloingiza hewa kwenye blowa, ile feni ya kupuliza hewa ndani ya gari, na kwenye gari zetu za usukani wa kulia, blowa ya Corolla iko kushoto, juu ya miguu ya abiria. Gari linalala chini ya mwembe, umesema. Majani yanajaa, yanaoza, yanaziba njia ya maji, beseni linafurika, maji yanamwagika ndani ya blowa na kushuka miguuni kwa abiria. Na yale majani mabichi yakikaa pale yanashika unyevu mwaka mzima, maungio ya bati yanaanza kuliwa.

Usimpe mtu yeyote hela kabla hujafanya jaribio. Utalifanya mwenyewe nyumbani.

Toa kapeti yote ya mbele pamoja na godoro lake, anika juani siku mbili tatu, usiharakishe. Futa sakafu ikauke kabisa. Wewe ni mwalimu, chaki unayo: saga chaki mpaka iwe vumbi, nyunyizia sakafuni, kwenye ukuta wa mbele unakoegemea miguu ya abiria, na pembeni kwenye nguzo mpaka pale unapofikia. Maji yakipita kwenye chaki yanaacha mstari, na ukiufuata mstari kwenda juu unafika yanakotoka. Mtu mmoja akae ndani na tochi, alale kabisa kichwa chini ya dashibodi. Mwingine awe nje na mpira wa maji, maji yatoke polepole bila kubana. Usipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari, ile inasukuma maji hata pale ambapo mvua haiingii na itakudanganya.

Anzia chini. Mwaga maji chini ya mlango kwa dakika tano, nyamaza, angalia. Panda kwenye mlango. Kisha beseni la waipa, hapo mwaga hata dakika kumi. Kisha pembe moja ya kioo, halafu nyingine, na paa liwe mwisho. Ukianzia juu maji yanatiririka kila mahali na hutajua ni wapi. Mlangoni, ukiona maji yanatokea kwenye ubao wa mlango kwa ndani, basi ile nailoni iliyogandishwa nyuma ya ubao imebanduka, hiyo ni kazi ndogo. Na usisahau vile vitundu vya chini ya mlango, vitoboe kwa kijiti, ni vya kiwandani, vina kazi yake.

Kabla sijasahau: wengine wanasoma hapa maji yao si ya mvua. Yakitoka masafi tena unapowasha AC, ni mpira wa kutolea maji ya AC umeziba. Yakiwa yanateleza, yana rangi na harufu ya utamu, ni maji ya rejeta, hita inavuja. Hayo si ya fundi bodi.

Sasa kuhusu ile silikoni nyeupe. Ilikuwa inanuka siki ilipopakwa? Naamini ilikuwa hivyo. Ile ni ya bafuni. Inapokauka inatoa asidi ya siki, na asidi hiyo inakula chuma. Mwaka 2008 mimi mwenyewe nilimpakia mteja wangu silikoni ya namna hiyo, Corolla kama lako, nikiamini namsaidia asitumie hela nyingi. Baada ya miezi alirudi, tukatoa kioo, nikakuta fremu yote ya chini imekuwa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Nilimtengenezea upya bila kumdai. Tangu siku ile silikoni ya bafuni haijaingia gereji kwangu. Na ubaya wake mwingine, pale ilipogusa, rangi haishiki tena, kwa hiyo lazima ikwanguliwe yote kwa wembe na pasuguliwe mpaka mabaki yaishe.

Kwa nini pembe ile ndiyo imeliwa? Nadhani kioo kiliwahi kubadilishwa. Fundi wa vioo akikata gundi kwa kisu anakwaruza rangi mpaka kwenye bati, kisha anapaka gundi mpya juu ya mkwaruzo bila praima, ile rangi ya kwanza ya kulinda bati. Hapa kwetu hewa ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata siku ya jua. Kutu ikishaanza inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inainua rangi na inaibandua gundi kutoka chini. Kwa nje kioo kinaonekana kimeshika. Kumbe kimekaa juu ya unga.

Matengenezo yenyewe. Kioo lazima kitoke. Fundi akikuambia atatengeneza pembe bila kutoa kioo, mshukuru uondoke. Na ujiandae: kioo cha zamani kilichogandishwa kwa silikoni kinaweza kupasuka kikitolewa, kwa hiyo weka akiba ya kioo kingine kabla hujaanza. Kutu ikwanguliwe na bati bovu likatwe mpaka kufikia bati jeupe, gumu, linalolia ukiligonga. Kisha kikatwe kiraka cha bati jipya la unene wa milimita 0.8 hadi 1, kikunjwe kifuate umbo la fremu, kichomelewe. Uchomeleaji uwe wa mashine ya waya, au gesi kwa mkono mtulivu. Vijiti vya kuchomelea mageti vinatoboa bati hili, na joto linakunja fremu, kioo kipya hakitakaa. Unachoma nukta, unahamia upande wa pili, unaacha papoe, unarudi.

Kabla ya moto wowote betri itolewe, kapeti na viti vitoke, nyaya zisogezwe, na pawe na mtu amesimama na maji na kizima moto. Nimeona dashibodi ikishika moto kwa cheche moja iliyopenya nyuma ya bati.

Baada ya hapo ni kusaga, kufuta kwa thina, praima ya epoksi mikono miwili, gundi ya kuziba maungio kila palipoungwa, ndipo rangi. Rangi ikauke kweli kweli. Kioo kinarudi kwa gundi nyeusi ya vioo, ile ya poliurethani, pamoja na praima yake. Gundi hiyo inakauka kwa unyevu wa hewani, kwa hiyo Tanga haina shida nayo, ila usiondoke na gari kabla ya muda ulioandikwa kwenye mrija wake.

Sakafu nayo ni hivyohivyo. Ile bodi fila yote itoke kwa patasi. Bodi fila inanywa maji, ni kama kuziba mtungi kwa mkate. Kazi yake ni kusawazisha bati zima kabla ya rangi, tundu haizibi. Lami inakuja mwisho kabisa, juu ya praima, haipakwi juu ya kutu hata siku moja, kwa sababu inaifunika ikaendelea kula gizani. Pia utaona sakafuni matundu ya mviringo yenye vizibo vya mpira. Hayo ni ya kiwandani, yasichomelewe, kizibo kilichokatika kinanunuliwa kipya.

Umeuliza utamjuaje fundi. Mwambie hivi: "Fundi, bati likiwa jeupe, kabla hujapaka chochote, nipigie simu nije nione." Akikubali bila kununa, una fundi. Akisema usijali mama niachie mimi, chukua gari lako.

Bei sitakutajia kwa sababu sijaliona. Kinachopandisha gharama ni kutu iliyojificha ndani ya nguzo na kwenye kizingiti cha mlango, na hiyo haionekani mpaka kioo kitoke. Na hujachelewa, mwalimu. Gari likikatika chini ya nguzo zote mbili na vizingiti vyote, hapo ningekwambia uache. Pembe moja na matundu mawili ni kazi ya kawaida.

Mie wa Kisauni

Fundi wa Tanga amesema kweli tupu, na mie nashuhudia kutoka Mombasa. Mie nina pikapu Peugeot 504, iliyoundwa hapa hapa Mombasa. Hiyo kioo chake hakikugandishwa kwa gundi, kimeshikwa na raba. Miaka mitatu nilikuwa nazibaziba raba kwa juu. Siku nilipoitoa raba nikakuta ule mfereji wake umejaa mchanga na kutu, maji yanasimama mle ndani kama kwenye kata. Raba mpya pekee haingesaidia kitu. Nikasugua, nikapaka praima, nikabadili raba, maji yakakatika.

Ninalotaka kuongeza ni kuosha. Mie nilikuwa navuka Likoni kila siku kwa feri, na pale kwenye ngazi ya feri magurudumu hukanyaga maji ya bahari. Sasa kila Ijumaa nachukua mpira, narusha maji matamu chini ya gari yote, ndani ya mataya ya magurudumu, mpaka chumvi itoke. Mwalimu, kama huenda Pangani na kuvuka kwenda Bweni kwa kivuko, fanya hivyo ukirudi nyumbani. Usingoje kesho.

Na huo mwembe, mamangu, uhamishe gari. Kivuli ni kizuri lakini majani yale ndiyo adui yako.

Mkaazi wa Leicester

Dada, nakusalimu kutoka Uingereza, mimi kwetu Unguja. Huku wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, kwa hiyo kutu ndiyo ugonjwa wa kila gari lenye umri. Ningependa uangalie jambo moja ambalo halijatajwa, na ni la uhai.

Pale sakafuni na kwenye kizingiti kuna sehemu mikanda ya viti inapofungwa kwenye bati. Umesema mkanda wa abiria umeota madoa, maana yake unyevu umefika huko. Kwenye ukaguzi wa gari wa kila mwaka huku, kutu kubwa ndani ya sentimita 30 kutoka pale mkanda unapofungwa inaliangusha gari, na kiraka cha hapo kinatakiwa kichomelewe mstari mzima bila kuacha mapengo, nukta nukta hazikubaliki. Wala bodi fila na gundi havikubaliki. Hata kama huko hakuna mtu atakayekukagua, mwambie fundi apime kwa kipimo hichohicho. Una watoto wa watu ndani ya gari. Agonge kwa nyundo ndogo kuzunguka kila boliti ya mkanda na kila mguu wa kiti. Panapolia vizuri pazima. Palipofifia sauti, palipo kama boksi la karatasi, pakatwe.

Kitu kingine, gari nyingi zilizotoka Japani zimetembea Hokkaido na sehemu nyingine za theluji, nako wanamwaga chumvi. Inawezekana kutu ya chini ililetwa na gari tangu bandarini. Kwa hiyo asiangalie kwa juu tu, alinyanyue atazame tumbo lote, hasa mabomba ya breki.

Umeme Magari Majengo

Mwalimu, hizo tik tik za indiketa ni rilei, kile kidude kinachowasha na kuzima taa zake, imepata maji au nyaya zimegusana kwa unyevu. Usisubiri bodi iishe. Leo hii chomoa waya wa hasi wa betri gari linapolala, maana maji na umeme vikikaa pamoja usiku kucha vile vichwa vya nyaya vinaota kijani na kukatika, tena moto unaweza kutokea. Fungua kisanduku cha fyuzi, puliza hewa, kausha. Soketi yenye kijani isafishwe kwa dawa ya kusafishia soketi za umeme na brashi ya mswaki. Mafuta ya taa hapana. Pia mwambie fundi bodi asikuunganishie waya wa ardhi wa mashine yake mbali na anapochomea, aubane karibu na kiraka.

Mwalimu wa Chumbageni

Shikamoo fundi wa Ngamiani, na asanteni nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nirudi na majibu kamili.

Jaribio tulilifanya Jumamosi mimi na mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi na sita, mwembamba, aliweza kulala chini ya dashibodi. Chaki niliisaga kwenye kinu. Milango haikuleta kitu. Tulipofika kwenye beseni la waipa, dakika ya nne akapiga kelele, "Shangazi, yanakuja!" Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye blowa yenyewe. Tukafungua ile plastiki nyeusi. Nilitoa majani ya kujaza sufuria ya ugali wa watu sita, chini yameshakuwa udongo, kuna mpaka mche wa embe umeota. Tulipoyatoa, beseni likawa linatoa maji vizuri, blowa ikakauka. Kisha tukamwagia pembe ya kioo. Mstari kwenye chaki ukatokea palepale, umenyooka, umeshuka kwenye nguzo ya kushoto mpaka sakafuni. Kwa hiyo yalikuwa ni yote mawili, fundi, kama ulivyoandika.

Nimempata fundi huku huku. Nilimwambia ile sentensi yako neno kwa neno. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, nitakupigia." Alipotoa kioo kikapasuka chini kushoto, lakini akiba ilikuwepo. Siku ya pili akanipigia nikaenda. Chini ya silikoni pembe ilikuwa imeliwa urefu wa kiganja changu. Sakafuni, ile bodi fila ilipong'olewa, tundu nililoambiwa ni kama sarafu lilikuwa kubwa kama sahani ya chai, na ndani yake kumesokotwa gazeti, ndilo lililokuwa limeshika fila isidondoke. Gazeti limelowa. Nimelipa 120,000 kwa gazeti.

Nilimwomba agonge kwenye boliti za mikanda kama alivyosema ndugu wa Leicester. Upande wa dereva pazima. Upande wa abiria, nyuma kidogo ya tundu, sauti ilififia. Akakata bati la hapo. Kiraka kimoja kikubwa sasa kimetoka kwenye tundu mpaka pale, kimechomelewa mstari mzima, nimehesabu mwenyewe sentimita 42. Nimepiga picha bati likiwa jeupe, zipo kwenye simu. Mabomba ya breki ya nyuma yalikuwa na kutu, moja tumebadilisha.

Gari limekaa siku nne gereji zaidi ya tulivyopatana kwa sababu hakutaka kurudisha kioo rangi ikiwa mbichi. Sikulalamika.

Juzi usiku mvua kubwa imenyesha, ile ya kupiga mabati mpaka huwezi kusikia redio. Sikulala vizuri. Saa kumi na moja alfajiri nimetoka na tochi, nimevua kandambili, nimekanyaga sakafu ya gari kwa mguu mtupu. Pakavu. Nikapeleka mkono chini ya dashibodi, kwenye nguzo, pakavu. Indiketa kimya. Kapeti bado sijarudisha, godoro lake nimelitupa, natafuta mshonaji aweke jipya. Gari nimelihamishia upande wa jikoni, mbali na mwembe.

Limebaki jambo moja. Nyuma, ndani ya buti, kwenye shimo la tairi la akiba, nimekuta maji kidogo, kama kikombe kimoja. Mstari wa chaki unaanzia nyuma ya taa ya kulia. Hapo nako ni kutu?

Fundi Bodi Ngamiani

Marahaba mwalimu. Nimesoma nimefurahi sana, hasa hapo pa boliti.

Hapo nyuma pengine ni raba ya taa imekakamaa. Fungua taa kwa ndani, zipo nati chache, itoe yote. Tazama bati pale raba inapolalia. Likiwa na rangi nzima, nunua raba, safisha, rudisha, usikaze nati sana utapasua plastiki. Ukiona hata doa dogo la kahawia, sugua kwa msasa mpaka jeupe, paka praima, acha ikauke, ndipo urudishe. Kizibo cha mpira cha shimo la tairi nacho kiangalie. Ukikwama, piga picha doa lenyewe uniwekee hapa.